KELELE ZA PAMPU ZA VISIMA VYA NYUMBANI, NA DAWA YAKE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nieleze jambo ambalo watu wengi wa mjini wanalijua kwa masikio yao, lakini ni wachache wanaojua asili yake. Jambo lenyewe ni kelele za pampu za visima.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kama Mbagala tunakokaa sisi, nyumba nyingi zina kisima uani, na pembeni ya kisima pana pampu ya umeme inayopandisha maji kwenye tangi lililo juu ya mnara. Hii ni neema kubwa, maana mama zetu wamepumzika na ndoo za kichwani. Lakini nyumba zimebanana, na pampu ya mmoja hulia katika chumba cha mwingine. Mgonjwa hapati usingizi, mtoto mchanga hushtuka, na mwanafunzi aliye likizo hushindwa kusoma. Nimeona majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaacha hata kusalimiana, na sababu ni pampu.

Watu wengi hudhani ya kuwa dawa ni moja tu, nayo ni kuijengea pampu kibanda. Hujenga, hutumia fedha, na kelele hubaki vile vile. Nia yangu ni kuonyesha ya kuwa kelele ina njia zaidi ya moja za kusafiria. Asiyejua imepita njia gani huziba mlango ambao mwizi hakuutumia.

SAUTI NI MTETEMO

Tumejifunza darasani ya kuwa sauti ni mtetemo. Kitu kikitetemeka hutikisa kilicho karibu nacho, nacho hutikisa cha pili, mpaka mtikisiko ufike sikioni. Sauti hupita katika hewa kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, katika maji mita 1,480 hivi, na katika chuma mita 5,000 hivi. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa ukuta au bomba ni kizuizi cha sauti. Mara nyingi ndiyo barabara yake.

Pampu ya nyumbani hutetemeka kwa sababu nyingi. Umeme wetu hugeuka mwelekeo na kurudi mara 50 katika kila sekunde, na kila mgeuko mmoja wa namna hiyo huvuta chuma cha mota mara mbili. Hivyo mota huvuma mara 100 kwa sekunde. Tena mota nyingi za pampu ndogo huzunguka kiasi cha mara 2,850 kwa dakika, yaani mara 47 na nusu kwa sekunde. Ikiwa gurudumu la ndani linalosukuma maji halikukaa sawasawa, litapiga teke mara 47 na nusu katika kila sekunde.

Jaribio rahisi linafafanua jambo hili. Chukua simu ya mzazi wako, iweke itetemeke bila mlio, kisha iweke juu ya meza tupu. Ikipigwa, meza nzima itanguruma. Sasa kunja kanga mara nne, iweke chini ya simu, na ipigwe tena. Simu ni ile ile na mtetemo ni ule ule, lakini meza imenyamaza. Meza ni kubwa, nayo husukuma hewa nyingi kuliko simu. Kanga imeikata njia. Pampu ni kama simu ile, na nyumba ndiyo meza.

NJIA TATU ZA KELELE

Njia ya kwanza ni kitako. Pampu iliyofungwa kwa bolti kwenye zege lililoshikamana na ukuta hutikisa zege, zege hutikisa ukuta, na ukuta huvuma chumbani.

Njia ya pili ni mabomba na maji yaliyomo ndani yake. Bomba lililobanwa ukutani au linalogusa mabati ya paa hugeuza ukuta au paa kuwa ngoma.

Njia ya tatu ni hewa, yaani sauti itokayo kwenye mwili wa pampu na feni yake moja kwa moja. Njia hii hudhoofika kwa umbali. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili, kelele hupungua desibeli 6 hivi. Uani penye kuta nyingi hupungua kwa kiasi kilicho chini ya hapo, kwa sababu kuta huirudisha.

Basi utajuaje kelele imepita njia gani? Mimi hutumia bilauri ya maji. Ijaze karibu na ukingo, iweke dirishani au sakafuni mwa chumba kinachosumbuliwa, kisha pampu iwashwe. Uso wa maji ukifanya viwimbi vidogo, mtetemo umepita katika ukuta au sakafu. Weka pia kiganja ukutani na kwenye bomba, kwa maana kiganja huhisi yale ambayo sikio huchanganya. Ukiona bilauri imetulia na ukuta umetulia, lakini kelele ipo, na ukifunga dirisha inapungua, hapo hewa ndiyo iliyoileta.

KWANZA SIKILIZA PAMPU YENYEWE

Kabla ya kuziba njia yapasa kujua kama pampu ni mzima au mgonjwa, kwani pampu mgonjwa hulia kuliko kawaida. Hizi ndizo dalili zake.

(a) Sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Hii ni dalili ya kuwa maji hayafiki kwenye pampu kwa wingi unaotakiwa. Pampu iliyo juu ya ardhi haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Hupunguza hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Evangelista Torricelli, Mwitaliano, alionyesha nguvu hiyo ya hewa kwa zebaki mwaka 1643. Hewa yaweza kusukuma maji mita 10.3 tu kwenda juu, tena ikiwa pampu ni kamilifu kabisa. Kwa kazi ya kawaida tusitegemee zaidi ya mita 7 au 8. Maji yakiwa chini zaidi, au chujio likiziba kwa mchanga, maji huanza kuchemka bila moto kwa sababu ya upungufu wa mgandamizo. Mapovu ya mvuke hutokea, kisha hupasuka kwa nguvu, nayo hula chuma na plastiki ya gurudumu. Dawa ni kusafisha chujio, kupunguza viwiko, na kutotumia bomba la kuvutia lililo jembamba kuliko mdomo wa pampu. Ukipunguza bomba kutoka inchi 1 hadi robo tatu ya inchi, maji yale yale yatalazimika kwenda kwa mwendo wa karibu mara 1.8. Kama kisima ni kirefu mno, hapana dawa ila pampu ya kuzama.

(b) Sauti ya kubwabwaja, na maji yanayotoka yakiwa na povu. Hewa inaingia katika bomba la kuvutia. Mimina maji juu ya kila kiungo cha bomba hilo, mbali na mota. Ukimimina mahali sauti ikabadilika, tundu ni hapo.

(c) Mlio mkali wa kusaga, unaoendelea hata pale pampu inapozimwa na kuzunguka mpaka isimame. Beringi zimekwisha. Zibadilishwe mapema, kwani huharibu na muhuri unaozuia maji yasiingie kwenye mota.

(d) Kishindo kimoja pampu inapozimwa. Maji yaliyokuwa yakipanda mnarani yamerudi na kuipiga valvu inayoyazuia. Maji yaendayo mita 1 kwa sekunde katika bomba la chuma yakisimamishwa ghafula, mgandamizo waweza kupanda kiasi cha mara 13 ya mgandamizo wa hewa. Nikolai Joukowsky, Mrusi, aliitoa hesabu hiyo mwaka 1898. Katika mabomba ya plastiki pigo ni dogo zaidi, lakini lasikika. Dawa ni valvu yenye springi, ambayo hujifunga kabla maji hayajaanza kurudi.

(e) Pampu inayowaka na kuzima kila mtu anapofungua bomba kunawa mikono. Hili hutokea kwenye nyumba zenye tangi dogo la mgandamizo. Hewa ndani ya tangi hilo imekwisha au mpira wake umepasuka, na pampu haina pumziko. Fundi ajaze hewa au abadilishe mpira.

DAWA YA KITAKO

Pampu ikiwa nzima, tuanze na kitako, maana hapo ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Kwanza itengwe na ukuta wa nyumba. Itengenezewe bamba la zege la peke yake, lisiloungana na msingi wala ukuta. Bamba la sentimita 40 kwa 30, lenye unene wa sentimita 10, lina ujazo wa mita za ujazo 0.012. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, basi bamba hilo lina kilo 29. Kama pampu ina kilo 10, bamba ni karibu mara tatu yake, na uzito huo humzuia mtetemeshaji kucheza.

Chini ya bamba ziwekwe mpira katika pembe nne. Hapa wengi hukosea. Hutandika kipande kizima cha tairi, nacho ni kigumu, kwani kina nyuzi au waya ndani, na uzito ukienea juu ya eneo kubwa mpira haubonyei. Mpira usiobonyea haukati kitu. Yafaa vipande vinne vidogo na vinene, ambavyo uzito ukikaa juu yake hubonyea angalau milimita 1. Kwa hesabu, mpira uliobonyea milimita 1 huufanya mzigo upende kucheza mara 16 hivi kwa sekunde. Kwa kuwa mota huzunguka mara 47 na nusu, yaani karibu mara tatu ya hiyo, mtetemo unaopita ni sehemu moja tu katika nane. Vitendo havifuati hesabu kikamilifu, lakini njia ni hiyo.

Tena bolti zisipite moja kwa moja hadi ardhini. Bolti moja ya chuma inayoshika pampu na sakafu kwa pamoja huharibu kazi yote ya mpira, kama daraja lililosahauliwa wakati wa vita.

DAWA YA MABOMBA

Pampu iliyokaa juu ya mpira ikiunganishwa na bomba gumu hutuma mtetemo bombani. Kwa hiyo pawekwe kipande cha mpira chenye urefu wa nusu mita hivi upande wa kutoa maji. Upande wa kuvuta, mpira uwe ule wenye waya au plastiki ngumu ndani, ama sivyo hewa ya nje itaubana ufunge njia.

Mabomba yasibanwe ukutani kwa chuma kitupu. Pawe na kipande cha mpira wa baiskeli kati ya bomba na kishikizo. Bomba linapopita ukutani, tundu liwe kubwa kidogo, na nafasi izibwe kwa kitu laini badala ya saruji.

Kuna kelele nyingine inayosahauliwa, nayo ni ya maji yanayoanguka ndani ya tangi tupu. Teremsha bomba la kuingizia mpaka karibu na chini ya tangi, na maji yataingia kimya. Lakini toboa tundu dogo katika bomba hilo juu ya usawa wa maji. Bila tundu hilo, valvu ikiharibika, maji ya tangi yatajivuta yenyewe na kurudi kisimani.

KIBANDA

Kibanda kina kazi yake, lakini ni dhidi ya njia ya hewa tu. Ukuta mzito huzuia sauti kuliko mwepesi. Tofali la saruji lafaa, bati halifai. Wengine hubandika trei za mayai wakidhani zinazuia sauti. Trei ni nyepesi mno, haziwezi kuizuia isipite. Ufa mdogo nao huipa sauti njia, kama mlango wazi uachavyo mwanga.

Hata hivyo pampu haitakiwi kufungiwa bila hewa. Mota huwa na joto, na feni yake inataka hewa baridi. Nimesikia watu wakiifunika pampu kwa godoro kuukuu. Hiyo ni njia ya kuunguza mota, na pengine nyumba. Kibanda kiwe na matundu mawili, moja chini na moja juu, yasiyomwelekea jirani. Mbele ya kila tundu pajengwe kiukuta ili hewa ipinde kona mara mbili kabla ya kutoka. Hewa hupinda bila shida, lakini sauti hupotea kidogo katika kila kona.

SAA YA KUWASHA

Dawa isiyo na gharama ni kuchagua saa. Pampu itoayo lita 30 kwa dakika hujaza tangi la lita 1,000 kwa dakika 33 hivi. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, hutumia lita 300. Tangi moja basi latosha siku tatu. Hapana haja ya kuwasha pampu usiku wa manane! Tukijaza saa kumi jioni, wakati mtaa wenyewe una kelele zake, hakuna atakayesumbuka. Swichi ya boya ndani ya tangi nayo ifungwe, ili pampu ijizime tangi likijaa.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilieleza ya kuwa kelele za mfululizo chumbani mwa kulala zisizidi desibeli 30, ili mtu alale vizuri. Nasi hapa nchini tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaja kelele na mtetemo miongoni mwa mambo ya kuwekewa viwango. Lakini jirani mwema hangoji kupelekwa kwenye sheria.

MFANO WA NYUMBANI KWETU

Likizo iliyopita niliyaona haya yakitendeka. Pampu yetu ilikuwa imefungwa na fundi juu ya zege lililoungana na ukuta wa mpaka. Upande wa pili wa ukuta ule, hatua mbili tu kutoka kwake, pana chumba cha bibi mmoja mwenye maradhi ya presha. Wapangaji wetu hurudi sokoni usiku, na pampu ilikuwa ikiwashwa saa nne au saa tano. Bibi alilalamika mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu hakusema kitu tena. Hilo ndilo lililomtia mama yangu huzuni.

Baba mdogo alitaka kujenga kibanda cha matofali. Nilimwomba kwanza twende kwa bibi na bilauri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kuniazima masikio?" alisema, lakini alitufungulia mlango.

Bilauri iliwekwa dirishani, na pampu ikawashwa. Maji yalitetemeka kama yanayotaka kuchemka. Bibi mwenyewe aliyatazama, akaweka mkono ukutani, akasema, "Kumbe ni ukuta unaolia." Basi kibanda kisingetusaidia.

Tulimwita fundi mwenye ujuzi wa umeme. Pampu iliondolewa ukutani, ikawekwa juu ya bamba la peke yake. Fundi alitandika kipande kizima cha tairi. Tofauti ilikuwa ndogo. Tulipokiondoa na kuweka vipande vinne vidogo vya mpira mnene, na kuunganisha bomba kwa mpira, bilauri ilitulia. Sauti ya hewani ilibaki. Bibi alisema anaisikia kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Kwa hayo yaliyobaki, mama na bibi walipatana ya kuwa pampu isiwashwe baada ya saa mbili usiku, na wapangaji wakaelezwa. Juma lile lile sahani zilianza tena kupita juu ya ukuta.

ONYO

Maji na umeme si ndugu. Asiguse mtu pampu kabla ya kuzima swichi kuu, na asifanye kazi hiyo peke yake. Waya wa ardhi usiondolewe kwa sababu yoyote. Mambo ya nyaya aachiwe fundi umeme; kazi yetu wanafunzi ni kusikiliza, kupima na kushauri.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Bamba la zege lina urefu wa sentimita 50, upana wa sentimita 40 na unene wa sentimita 10. Uzito wake ni kilo ngapi?

2. Pampu itoayo lita 40 kwa dakika itajaza tangi la lita 2,000 kwa muda gani? Ikiwashwa saa tisa na nusu alasiri, itazimwa saa ngapi?

3. Pampu iko juu ya ardhi, na maji ya kisima yako mita 9 chini yake. Inalia kama kokoto katika debe. Kibanda kitasaidia? Toa sababu.

4. Bilauri imetulia, lakini jirani bado anasikia kelele. Utaziba njia gani?

Atakayeshindwa na amwulize mwalimu wake wa Fizikia. Na atakayeweza, akifika nyumbani likizo ijayo, na achukue bilauri yake agonge mlango wa jirani, badala ya kungoja jirani aje kugonga wake.